Chini na Juu: Jinsi Mkono Wangu wa Kuume Ulivyojifunza Kukimbia

Mnapokuja hapa kwangu na magitaa yenu mgongoni, batoto, hamniulizi habari za magoti yangu wala za mvua. Mnaketi, mnakunywa chai, kisha mnautazama mkono wangu wa kuume kama watu wanaotazama mguu wa mchezaji mpira mashuhuri. "Vié, muzee wetu, ilikuwa je? Mukono yako haikukuwa inachoka?"

Ulikuwa unachoka. Ulichoka vibaya hata siku moja nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Nitawaeleza jinsi ulivyoacha kuchoka, maana katika yote niliyofanya katika mji huu tangu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, hakuna ninachojivunia kama hicho. Wengine walijenga nyumba. Mimi nilijenga mkono.

Jina langu mnalijua, Gaspard Ngoie. Baba yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka kaskazini, upande wa Kongolo, na mimi nilikulia hapa hapa, katika mtaa huu wa Kenya, kati ya kanisa na soko. Gitaa nililoanza nalo lilikuwa kavu, la mbao tupu, na nililipiga kama wote wa siku zile: kidole gumba kinatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba. Nilikuwa hodari. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mabibi arusi walikuwa wakiuliza kwanza kama Gaspard atakuwepo, ndipo wanauliza habari za nyama.

Kisha likaja gitaa la umeme.

Aliyelileta ni Léonard, mkubwa wa orkestra yetu. Alikuwa mpiga saksofoni, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi la Agosti, na aliongoza kila kitu: yeye ndiye aliyechagua nyimbo, yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo kwa kugonga mguu, na sisi wengine tulifuata. Gitaa alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa mjini, pamoja na ampli yake, sanduku zito la kukuza sauti lililohitaji watu wawili kulibeba. Tulipoliwasha mara ya kwanza katika baa, mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza karanga mlangoni aliinuka akazunguka nyuma ya sanduku. Alirudi na uso wa mtu aliyedanganywa. "Ule mwenye anapiga," aliuliza, "mulimuficha wapi?"

Tulicheka sana. Lakini niliposhika gitaa lile kicheko kiliniishia. Gitaa kavu ni rafiki anayekufichia makosa. Ukikosa uzi, watu wanaimba, wanapiga makofi, kosa linapita. La umeme halifichi kitu. Ukikwaruza, linakwaruza mbele ya watu wote. Tena gumba na shahada, vilivyonipa jina, vikichanganywa na saksofoni na ngoma vilitoa sauti ya matope. Léonard alitaka kitu kingine. Alitaka gitaa liimbe sauti moja moja, nyembamba na safi, likijibizana na saksofoni yake.

"Tosha vidole," aliniambia, yaani niviondoe kwenye nyuzi. "Kamata médiator."

Médiator mnaijua, kile kipande kidogo cha kugongea nyuzi. Zilizokuja na gitaa zilipotea upesi, na dukani zilikuwa shida kupatikana. Nikachukua chanuo cha mke wangu, cha seluloidi ngumu, nikakikata pembe, nikakisugua kwenye jiwe la mlango mpaka kikawa laini. Adolphine alikitafuta chanuo kile nyumba nzima. Alipoingia akakuta nimekishika, hakusema neno. Alifunga kitambaa kichwani, akapita jirani kuomba chanuo, na huko alisema maneno mengi.

Basi nilikuwa na médiator, lakini sikuwa na mkono. Nilipiga nyuzi zote kwa kushuka tu: chini, chini, chini. Kwa rumba ya taratibu inatosha. Lakini Léonard alikuwa na wimbo wake mmoja aliouita "Baiskeli", habari za mtu anayekwenda Jadotville kumwona mchumba wake na breki zimekatika. Wimbo ule ulianza taratibu, na kila mzunguko ulizidi mbio kama baiskeli yenyewe. Saksofoni inasema neno, gitaa linajibu neno lile lile, na watu wanacheza mpaka jasho linachuruzika. Katika mizunguko ya kwanza nilijibu. Ilipozidi mbio, nilianza kuruka noti. Nikakaza bega, nikakaza kiwiko, nikaibana médiator kama mtu anayemshika mwizi. Mkono ukawa jiwe. Nilisimama katikati ya wimbo, nikajifanya napanga nyuzi zangu.

Baada ya mazoezi Léonard aliniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Gaspard, ndugu yangu, ku gitare kavu hakuna mwenye anakushinda. Lakini hii ni ingine. Kuko muntu wa Léo, ule muji mukubwa wa inchi, jina yake Dieudonné, anakuya hapa kuona dada yake. Banasema anapiga ya umeme muzuri kabisa. Pasaka ya mwaka wenye kuya tutacheza hapa Kenya. Kama mpaka Pasaka mukono yako haifuate, utarudia ku kavu, ya umeme nitamupa yeye."

"Na ku kavu, nani atanisikia nyuma ya ngoma na saksofoni?"

Aliangalia viatu vyake. "Hakuna," alisema. "Minajua."

Nilifika nyumbani nikiwa sitaki kula. Adolphine alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na wanawake wa mtaa mzima walimletea vitenge. Niliketi karibu naye, nikamweleza. Aliendelea kukanyaga pedali, akisikiliza.

"Baba Rosalie," alisema (Rosalie ni binti yetu wa kwanza), "unamujua ule muzee mwenye hasikie, nyuma ya soko? Bibi yake analetaka manguo hapa. Banjo yake inalia kama mahindi mu sufuria, pa-pa-pa-pa, haisimame. Enda kwake."

"Kwa muntu mwenye hasikie? Atanifunza musiki namna gani?"

"Weye uko unasikia. Imekusaidia nini?"

Nilichukua gitaa langu kavu, nikaenda.

Mzee yule aliitwa Yohane. Alikuwa Mnyasa, mmoja wa wale waliokuja zamani kutoka Nyasaland kufanya kazi katika karakana za reli. Maisha yake yote alipiga ribiti, ile misumari minene ya chuma, katika matangi ya treni za moshi, yeye ndani, nyundo nje, na matangi yale yalimla masikio. Lakini banjo hakuiacha. Alikuwa akiipiga ameinama, kidevu kimegusa ukingo wa mbao, na muziki aliupokea kwa mfupa. Nilipomkuta, vidole vyake vilikuwa vikubwa na vilivyopinda, kisha nikaona médiator yake ikienda. Kwa kweli sikuiona. Niliona ukungu mdogo juu ya nyuzi, kama mabawa ya nzi, na mkono wenyewe karibu haujongei.

Nilimwandikia kwa kidole mchangani neno moja: "Mbio". Aliangalia gitaa langu kavu, akanipa ishara nipige. Nikapiga "Baiskeli". Hakusikia hata noti moja, lakini alitazama mkono wangu, na alipoanza kucheka alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mukono yako inapiga kamba," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi, "kisha inaenda kutembea mpaka Mokambo! Inasalimia bantu ya mupaka, njo inarudia. Kamba iko hapa, mutoto yangu. Ju ya nini unaenda mbali?"

Hilo ndilo somo la kwanza, nanyi mnaokuja na mikono inayoruka kama kuku aliyechinjwa, lishikeni. Médiator ikishapiga uzi kwa kushuka, tayari iko upande wa pili. Isiende popote. Ipande pale pale, ipige uzi ule ule kwa kupanda. Chini, juu, chini, juu. Safari ya kurudi nayo ni kazi, si mapumziko. Anayepiga kwa kushuka tu anatembea njia mara mbili na kulipwa mara moja.

Yohane alishika kiwiko changu kwa mkono mmoja, akakibana kisisogee. Kisha akaniambia nitikise kifundo cha mkono peke yake, kama mtu anayekung'uta maji vidoleni. "Hapa njo kuko nguvu. Kule juu kuko paka hasira tu." Aliichomoa médiator katika vidole vyangu bila shida, akanirudishia, akaichomoa tena. Niliona anacheza. Kumbe alikuwa anapima. Médiator ikitoka kwa urahisi mno, itaanguka. Isipotoka kabisa, mkono utakufa. Alitaka itoke kwa shida kidogo, kama jino la mtoto.

Nilidhani nimeelewa, nikaenda nyumbani na siku ile ile nikaipiga "Baiskeli" kwa mbio zote. Ilikuwa fujo. Nilirudi kwa Yohane nikiwa na aibu. Safari hii alinisindikiza mpaka kwetu, kwa kuwa mkewe alikuwa na gauni la kuchukua. Akaketi barazani, akamwona Adolphine anashona. Akatazama gurudumu la cherehani, akatazama sindano. Halafu akapiga kelele iliyomtoa mke wangu kwenye kiti.

"Mama! Enda polepole! Polepole zaidi! Weye, fuata sindano!"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sindano inashuka, ninashuka. Sindano inapanda, ninapanda. Adolphine alikanyaga pedali kwa utaratibu wa mtu anayeshona shela la bibi arusi, nami nilipiga uzi mmoja tu, noti moja tu, mpaka nikaona haya mbele ya wapita njia. Vijana wa mtaa walisimama getini. "Gaspard amesahau gitare," walisemezana. "Banamufunza upya." Yohane hakusikia, kwa hiyo hakujali. Mimi nilisikia, nikajali sana, nikaendelea.

Sheria yake ilikuwa moja na haikulegezwa. Nikikosa noti, kosa aliloliita shimo, tusirudie kwa mbio ile ile. Adolphine apunguze mguu mpaka pale mkono unapokuwa safi, na tupande tena kidogo kidogo. Sikupenda. Nilitaka kurudia kosa mpaka likae sawa. Yohane alinipiga kofi jepesi la kisogo. "Ukirudilia mubaya, unafunza mukono mubaya. Mukono haina akili ya kuchagua. Inakamata yote."

Yeye alitazama, na Adolphine alisikiliza, ingawa hakuna aliyemwomba. Siku moja, bila kuinua macho kwenye kitenge, alisema:

"Unaanguka paka fasi moja tu."

"Wapi?"

"Pale unatoka ku kamba moja unaingia ku ingine. Ku kamba moja unakimbia muzuri. Ukiruka, unajikwaa."

Alikuwa amesema kweli. Batoto, nimewaona wengi wakifanya mazoezi ya wimbo mzima usiku na mchana, ilhali kinachowashinda ni daraja la noti mbili. Noti ya mwisho katika uzi huu, noti ya kwanza katika uzi ule. Kama umemaliza kwa kupanda, au kwa kushuka, médiator inatoka upande tofauti, na mara nyingine inabidi iuruke uzi ili ifike. Hapo ndipo ajali zote zinapotokea. Nilipomweleza Yohane kwa ishara, aliitupilia mbali "Baiskeli" yote akaniachia daraja lile tu. Uzi huu, uzi ule. Uzi huu, uzi ule. Rosalie, aliyekuwa ameanza tu kusema, alijifunza kuiga sauti ile, akawa anaiimba akila uji.

Wakati wa baridi, mnajua Juni ya hapa ilivyo, mikono ilikuwa kama miti. Yohane alinizuia nisiguse gitaa kabla sijashika kikombe cha chai cha moto mpaka kipoe. Nilidhani ni uzee. Tangu hapo sikupiga tena bila kikombe. Alinifundisha pia kupiga mbio fupi: noti chache kwa kasi kuliko unavyoweza, kisha simama, pumua, legeza bega. Halafu ongeza chache. Mkono hauogopi safari fupi. Ukiudanganya kwa safari fupi fupi, siku moja unajikuta umefika mbali. Na noti ya kwanza ya kila kundi uipe uzito kidogo, mikono yote miwili ijue mahali pa kukutana, maana mara nyingi mnaulaumu mkono wa kuume, kumbe wa kushoto ndiye aliyechelewa kazini.

Baadaye Yohane alistaafu akarudi kwao Nyasaland kwa treni, na banjo yake ndani ya gunia la unga. Nilimsindikiza stesheni. Lakini hayo ni ya baadaye. Pasaka bado alikuwepo, na nilimwomba aje. "Nitakuya kufanya nini?" aliniuliza. "Kuangalia bantu banafungua kinywa?" Adolphine ndiye aliyemaliza maneno. Alimshonea shati.

Alasiri ya Pasaka baa ilijaa mpaka nje. Watu walikuwa wametoka misa, wamekula, wamevaa. Dieudonné, yule mtu wa Léo, alikuwa meza ya mbele na dada yake, kijana mpole mwenye kofia iliyopigwa brashi vizuri, na Léonard alikuwa amemwambia akae tayari. Nilimwona akiangalia gitaa langu. Sikumchukia. Ningekuwa yeye, nami ningeliangalia.

Tulicheza rumba za kwanza. Kisha Léonard akanitazama, akagonga mguu: "Baiskeli".

Sijui kama ni furaha ya sikukuu au ni mtihani, lakini aliuanza kwa mbio ambazo zamani tulikuwa tukiufunga nazo. Saksofoni ikasema. Nikajibu. Ikasema tena, mbio zaidi. Nikajibu. Watu wakaanza kupiga kelele. Katika mzunguko wa tatu au wa nne nilimsikia yule adui wangu wa zamani akipanda: bega linainuka, kiwiko kinakaza, vidole vinaibana médiator. Nikafanya jambo ambalo mwili wote ulilikataa. Nilipunguza nguvu. Nilipiga kwa wepesi, kama mtu anayegusa mtoto aliyelala, na kwa kidole kidogo nikaifungua sauti ya gitaa zaidi. Acheni ampli ibebe mzigo, batoto. Ndiyo kazi iliyoundiwa. Mkono wenu ubebe usahihi tu.

Bega likashuka. Ukungu ule mdogo niliouona siku ya kwanza kwa Yohane, niliutazama chini nikauona juu ya nyuzi zangu mwenyewe.

Léonard akaongeza mbio. Nikamfuata. Akaongeza tena, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, na nikamfuata. Tulifika pale kwenye madaraja, uzi huu, uzi ule, na nikapita. Kisha saksofoni ikatoa mlio mmoja wa ajabu, kama bata aliyekanyagwa, ikakatika. Léonard aliishiwa pumzi. Aliishusha saksofoni, akacheka huku akihema, na ngoma haikusimama, na wachezaji hawakusimama, basi nami sikusimama. Nilisema neno la saksofoni, nikalijibu mwenyewe. Nilisema, nikajibu.

Katikati ya hayo nikamwona Yohane. Alikuwa amepita katikati ya wachezaji na shati lake jipya, amepiga magoti kando ya ampli kama mtu mbele ya altare, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye mbao. Macho ameyafumba. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona akitazama mikono, lakini safari hii hakuutazama wangu. Alikuwa anausikia kwa viganja. Na wimbo ulipofika mwisho, katika ule ukimya mdogo kabla ya makofi, sauti yake kubwa ya kiziwi ilijaza baa nzima:

"Hakuna shimo! Hakuna shimo hata moja!"

Watu walianguka kwa kicheko na kelele. Adolphine, aliyekuwa amesimama mlangoni na Rosalie mgongoni, hakucheka. Alikuwa analia, na alikasirika nilipomkumbusha baadaye.

Dieudonné alinijia. "Frère, ndugu yangu," alisema, "nani alikufunza ile mukono?" Nikamwonyesha. Alikwenda kwa mzee, akavua kofia, akamsalimu kwa heshima. Yohane hakusikia hata neno. Alikamata mkono wa kuume wa yule kijana, akaugeuza juu chini, akatikisa kifundo chake, akabonyeza kiwiko, kisha akanitazama mimi kwa huzuni ya daktari.

"Huyu naye anaenda mpaka Mokambo," alisema.

Dieudonné alikaa Élisabethville. Alichukua gitaa la pili, na yeye na mimi tulipiga pamoja mpaka alipooa na hata baada ya hapo. Alinifundisha akodi za Léo nisizozijua, nami nilimleta barazani kwetu mbele ya cherehani. Hakuna kati yetu aliyepoteza kitu.

Lakini jioni ile, watu wakitoka na jua likielekea kwenye lile dohani kubwa la kiwanda cha shaba, Léonard alikuwa akifuta saksofoni yake kwa kitambaa. Tangu orkestra ile ianze, hakuna wimbo ulioanza bila mguu wake. Alifuta taratibu, akaifunga ndani ya sanduku lake, akaja akasimama mbele yangu.

"Gaspard," alisema, "kuanzia leo, weye njo utaanzisha. Sisi tutakufuata."

Na walinifuata, batoto, mpaka siku nilipoliweka gitaa chini.